Jinsi ya kuunda bagi ya mbio za porini mkiwa timu ya kazini: mwongozo kamili kwa karakana za Uganda

Maswali mnayoniletea yanafanana mno. Fremu imekamilika, imepakwa rangi, picha zimeshasambaa kwenye kundi la WhatsApp la kazini, halafu injini haiingii. Au imeingia, lakini draivshafti (shafti zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) zimekaa kwa pembe ambayo sivi jointi, kile kiungo chake kinachopinda, haitamaliza hata mzunguko wa pili. Au kila kitu kiko sawa, ila dereva akivaa helmeti kichwa kinapita bomba la juu.

Chanzo ni kimoja. Timu za kazini huanza na kile wanachokijua, na wengi wetu tunajua kuchomelea. Chuma kikishushwa Jumamosi asubuhi, saa sita mchana kimeshakatwa. Hapa tutageuza mpangilio: fremu ndiyo ya mwisho kuamuliwa. Kabla yake kuna sheria, injini, magurudumu na mwili wa dereva.

Ninaeleza bagi, yaani gari jepesi la porini lenye fremu ya mabomba, ya kiti kimoja, injini nyuma ya dereva, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Nimeichagua kwa sababu spea zake zinapatikana Kisekka na Ndeeba, na karakana ya kawaida ya kiwanda cha Namanve au Jinja inaweza kuimaliza.

## Vinavyohitajika

Gari la kubomoa. Nunueni gari zima lililogongwa, msinunue vipande. Toyota Starlet au Corsa yenye injini ya 4E-FE (cc 1,331) na gia za mkono inatosha kabisa. Ukinunua gari zima, injini, gia boksi, kompyuta ya injini, nyaya, draivshafti, habu, breki na raki ya usukani vyote vinafahamiana tayari. Ukikusanya kimoja kimoja, utatumia miezi ukivipatanisha. Dai logbook kabla ya kutoa hela, hata kama gari halitarudi barabarani.

Nakoli za mbele za pili (vile vyuma vinavyoshika habu na kupinda kwa usukani), kulia na kushoto, za gari la aina hiyo hiyo, pamoja na strati (shokomzoba na springi yake), mikono ya chini, diski na kalipa zake. Sababu itaonekana hatua ya sita.

Mabomba ya chuma. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, za kizimba cha usalama (mabomba yanayomzunguka dereva) zinataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa baridi, chenye nguvu ya mvuto isiyopungua N 350 kwa milimita ya mraba. Tao kuu nyuma ya dereva ni kipenyo cha mm 45 na unene wa mm 2.5, au mm 50 kwa 2.0. Mabomba mengine ya kizimba ni mm 38 kwa 2.5, au mm 40 kwa 2.0. Bagi ya kiti kimoja hula takriban mabomba 7 au 8 ya mita 6. Bomba la mm 38 kwa 2.5 lina uzito wa kilo 2.2 hivi kwa mita, kwa hiyo fremu itakaribia kilo 100. Mkiona yenu inaelekea kilo 180, kuna mtu anaongeza mabomba kwa woga.

Vifaa vya kazi: mashine ya kuchomelea ya MIG (ya waya na gesi) au ya vijiti, grainda, mashine ya kukunjia mabomba ya haidroliki yenye kalibu ya kipenyo chenu hasa, vernia, pima maji, timazi, winchi ya kunyanyulia injini, na meza bapa ya chuma au sakafu iliyosawazishwa.

Usalama wa dereva: kiti cha mbio, mkanda wa pointi 5 au 6, helmeti, nyavu za pembeni, mtungi wa kuzimia moto, na swichi ya kukata umeme wote. Vinunuliwe mapema. Nimeona timu nyingi zikiviweka mwisho wa orodha, na mwisho wa orodha ndipo hela huisha.

Mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme, rundo zima, pamoja na tepu. Haya ndiyo yatakayowaokoa.

Msichukue paipu za maji zilizopakwa zinki, wala mabomba ya fanicha ya mm 1.2. Paipu za maji zinatengenezwa kwa ajili ya kubeba maji, hakuna aliyezipima kwa kupinduka. Zaidi ya hapo, zinki ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa usiku, na yale maziwa wachomeleaji wanayokunywa hayauzuii. Muuzaji akikwambia "Bosi, hili ni kali, hata daraja linabeba," mwombe cheti cha kiwanda na upime unene wa ukuta kwa vernia, ncha zote mbili.

## Hatua ya 1: Sheria kabla ya chuma

Nendeni kwa FMU, shirikisho la vilabu vya michezo ya magari Uganda, mkaulize mambo matatu: gari kama hili litaingia kundi gani, kizimba kinapimwa kwa kanuni zipi, na dereva anahitaji leseni gani ya mashindano. Rudini na majibu kwa maandishi. Karatasi hiyo ndiyo itakayowaambia unene wa bomba, aina ya mkanda na kama nyavu za pembeni ni lazima. Namba nilizotoa juu ni za FIA. Yule atakayekagua gari lenu ndiye mwenye neno la mwisho.

Hatua hii imekwisha pale mtu yeyote katika timu anapoweza kufungua faili na kuonyesha kwa kidole kanuni inayotawala tao kuu.

## Hatua ya 2: Mwandikie meneja, gawaneni kazi

Karakana ni ya kampuni, gesi ni ya kampuni, na mtu akikatwa kidole Jumamosi jioni litaulizwa swali moja: alikuwa kazini au hakuwa? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 humwekea mwajiri wajibu juu ya eneo lake la kazi, kwa hiyo meneja mwenye akili hataruhusu jambo kwa mdomo. Pateni barua inayosema ni saa ngapi mnaruhusiwa, mashine zipi, nani anasimamia, na bima inasemaje. Msidhani bima ya kazini inafunika bagi. Ulizeni.

Kisha andikeni karatasi moja ya makubaliano kati yenu: mchango wa kila mwezi na unatumwa kwa mobile money ya nani, gari ni la nani mtu akihama kazi, na nani ataendesha. Suala la dereva hasa msiliahirishe. Timu inayoahirisha kumchagua dereva huunda gari linalomtosha kila mtu vibaya.

Muhimu kuliko yote: mchoro unakaa kwa mtu mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwingine anaweza kupendekeza bomba lihamishwe, lakini halihamishwi mpaka mwenye mchoro abadilishe karatasi na kuweka tarehe. Si lazima awe mkubwa wa cheo. Fundi mchanga wa michoro anafaa kuliko msimamizi asiyepatikana, na mzee wa karakana akubali kuambiwa "subiri kwanza" na kijana wake. Hilo lina ugumu wake, nalijua.

## Hatua ya 3: Washeni injini ikiwa bado ndani ya gari bovu

Kabla ya kufungua nati hata moja, gari liwake. Sikilizeni injini, ingizeni gia zote, angalieni moshi. Pigeni picha kila soketi ya waya na kuibandikia jina.

Kisha toeni injini pamoja na gia boksi, subfremu yake, mikono ya chini na strati, vyote kama kipande kimoja. Nyaya zitoke nzima bila kukatwa. Zitandazeni sakafuni, weka injini kwenye stendi, unganisheni rejeta na pampu ya mafuta, muiwashe tena nje ya gari.

Watu wengi huruka hatua hii wakiona ni kupoteza wikiendi. Lakini injini ikigoma baadaye ndani ya bagi, hamtajua kama tatizo ni waya mliokata, mafuta au injini yenyewe. Ikiwaka sakafuni na kutulia bila kutetemeka, mambo mengi yameshaondoka kwenye orodha ya lawama.

## Hatua ya 4: Bagi ya plastiki

Hapa ndipo nataka mkae muda mrefu kuliko mnavyopenda.

Chora kwa chaki sakafuni mstari wa katikati ya gari, kisha mistari miwili ya ekseli. Umbali kati ya ekseli uwe mita 2.1 hadi 2.3, na upana kati ya magurudumu usipungue mita 1.5. Pandisheni injini kwenye matofali na mbao katika kimo chake halisi, kiasi kwamba sehemu ya chini kabisa iko sm 25 juu ya sakafu. Wekeni magurudumu mahali pake. Wekeni kiti.

Onyo: injini na gia boksi zihame kwenda nyuma bila kugeuzwa. Upande uliokuwa ukitazama mbele ya Starlet uendelee kutazama mbele ya bagi. Mkizigeuza nusu duara ili ekseli isogee pazuri, mtapata gari lenye gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi nyuma.

Sasa dereva akae, amevaa helmeti, viatu vya kuendeshea na mkanda. Mwenzake akate mabomba ya plastiki na kuyafunga kwa tepu kumzunguka, kama fremu itakavyokuwa. Tao kuu nyuma yake, tao la mbele juu ya magoti, mabomba ya juu yanayoyaunganisha, mshazari nyuma ya mgongo. Weka ubao ulionyooka juu ya mabomba ya kichwani na pimeni kutoka ubao hadi helmeti. Mashindano ya wanafunzi ya Baja SAE hutaka sm 15.2 kwa helmeti na sm 7.6 kwa mwili, na sioni kwa nini mtu mzima mwenye familia akubali chini ya hapo.

Kisha mwambieni atoke. Mshike saa. Atoke upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha mkiwa mmeziba upande mmoja kwa kiti cha ofisi kama vile gari limelala. Mguu ukikwama kwenye plastiki, tepu hufunguliwa na bomba husogezwa sentimita kumi. Kosa hilo lingekuwa kwenye chuma lingewagharimu siku nzima na grainda.

Angalieni pia mikono. Akizungusha usukani mpaka mwisho, kiwiko kisiguse bomba. Akivuta gia, ngumi isigonge kiti. Kebo za gia za gari la awali zilitengenezwa kwa injini ya mbele, kwa hiyo pimeni njia yake mpya kwa kamba na muagize kebo za urefu huo mapema.

Mkimaliza, kila bomba la plastiki lipimwe na kuandikwa namba kwenye mchoro. Mchoro ukiwa umekamilika, watu wawili wasiowasiliana waupime na kuorodhesha urefu wa kila bomba. Orodha zikilingana, mnunue chuma.

## Hatua ya 5: Kukata, kukunja, kuchomelea

Kunjeni baridi, kwa mashine. Mkunjo wenye kovu la kubonyea ndani hutupwa, haunyooshwi. Wapo mafundi wa mtaani watakaopendekeza kujaza bomba mchanga na kulipasha moto. Moto hubadilisha chuma kilichovutwa baridi na kukipunguzia nguvu pale pale mnapoihitaji. Tena mchanga ukiwa na unyevu ndani ya bomba lililozibwa, mvuke ukikosa njia hulipua kizibo kama risasi.

Ncha za mabomba zichongwe zikae kwenye bomba jingine bila mwanya unaoingiza kadi ya simu. Mwanya mkubwa hujazwa kwa mshono mnono, na mshono mnono huficha ubovu.

Pigeni nukta kwanza, yaani vidoa vidogo vya kushikiza, fremu yote ikiwa imebanwa mezani. Pimeni mishazari: kona ya mbele kulia hadi nyuma kushoto, na kinyume chake. Tofauti ikizidi mm 3, kateni nukta na mrudie. Ndipo mchomelee, mkiruka kutoka upande hadi upande, kwa sababu mkimaliza upande mmoja wote chuma kitavuta na fremu itapinda.

Vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018 vikae mahali pakavu na pa joto. Msimu wa mvua pakiti iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na mshono hupata mapovu. Kwa MIG, fungeni mlango wa karakana: upepo hupeperusha gesi.

Kila mchomeleaji atengeneze kwanza kiungo cha majaribio kwa bomba lile lile. Kibaneni kwenye jiliwa, mkipige nyundo mpaka bomba lipinde. Bomba likipinda na mshono ukabaki, ana ruhusa ya kugusa kizimba. Mshono ukiachia, achomelee mabano ya betri. Asione haya, ndivyo ilivyo.

Fremu ikishamalizika, pakeni mafuta ya taa kwenye mishono, ngojeni kidogo, futeni vizuri, kisha pakeni unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yatachora mstari mweusi kwenye chaki. Rangi ije baada ya hapo, si kabla.

## Hatua ya 6: Saspensheni na usukani

Kwa bagi ya kwanza msibuni saspensheni. Bebeni ya gari lililobomolewa jinsi ilivyo, kwa vipimo vyake, pembe zote nne. Mikono ya chini ya bati iongezewe bati la kuziba uwazi wake, maana haikutengenezwa kuruka.

Nyuma sasa kuna nakoli zilizokuwa zikipinda kwa usukani. Zifungwe zisipinde: tairodi (fimbo inayounganisha raki na nakoli) ibaki na urefu wake wa awali, na ncha yake ya ndani ifungwe kwenye fremu pale pale raki ilipokuwa. Mkiifunga juu zaidi au chini zaidi, gurudumu litajipinda lenyewe kila linapopanda na kushuka, na dereva ataapa kwamba gari lina pepo.

Mbele mtatumia zile nakoli za pili, ambazo hazina draivshafti. Onyo ambalo wengi hawalijui: habu za aina hii hubanwa pamoja na beringi kwa ile nati kubwa ya draivshafti. Mkiacha tundu wazi, beringi itaachana na gurudumu litaondoka. Kateni kipande cha nje cha sivi jointi, kiingizeni ndani ya habu, kazeni nati kama ilivyokuwa, na muipige pini.

Bagi itakuwa nyepesi kuliko gari, kwa hiyo springi za awali zitaisimamisha juu. Hilo linatusaidia kwa mawe, lakini linaongeza pembe ya draivshafti. Nyanyueni gari magurudumu yaning'inie: pembe ikizidi nyuzi 20 hivi, fungeni mkanda wa kuzuia strati isishuke zaidi.

Raki ya usukani ishikwe kwa klampu kwanza. Zungusheni usukani kulia na mtazame magurudumu. Raki iliyogeuzwa juu chini huyapeleka kushoto.

## Hatua ya 7: Breki

Magari mengi madogo ya kuvutwa na magurudumu ya mbele hugawa breki kwa mshazari. Kwa bagi haifai, kwa kuwa uzito umehamia nyuma. Wekeni masta silinda mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, zikiunganishwa na nondo ya kurekebisha mgawanyo. Hakuna busta (kisaidizi cha nguvu ya breki), kwa hiyo pedali iwe na nguvu ya 5 kwa 1: kutoka ekseli ya pedali hadi unyayo sm 25, hadi nondo ya silinda sm 5. Pedali ichomelewe na yule mchomeleaji bora kuliko wote.

Mmefaulu pale kwenye murram kavu magurudumu yote manne yanapojifunga, ya mbele kidogo kabla ya ya nyuma.

## Hatua ya 8: Mafuta, hewa, umeme

Tanki liwe katikati, nyuma ya ukuta wa bati unaomtenga dereva na injini. Mipira ya mafuta iwe ya injini za sindano, si ile ya kabureta, kwani shinikizo linafika karibu ba 3. Filta ya hewa ipande juu nyuma ya kichwa, ivalishwe sponji lenye mafuta. Vumbi jekundu la murram hupita popote. Rejeta ikae juu nyuma na feni yake, isafishike kwa maji bila kufungua kitu.

Mikanda ya mabega iende nyuma karibu sawa na bega, isishuke zaidi ya nyuzi 20. Swichi ya kukata umeme ifikiwe na dereva akiwa amefungwa, na mtu aliye nje.

## Hatua ya 9: Majaribio

Msilipeleke barabarani, halina namba wala bima. Tafuteni kiwanja chenye ruhusa ya mwenyewe, au mwombe nafasi kwenye uwanja kama Busiika siku isiyo na mashindano.

Kazeni kila nati, kisha chora mstari kwa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Endesheni dakika kumi kwa mwendo wa baiskeli. Simameni, mpite mkiangalia mistari. Ule uliokatika ni nati inayofunguka, na hapo nati ya kujifunga yenyewe inahitajika. Rudieni kwa mwendo wa kati, kisha dakika thelathini mfululizo. Mafuta ya taa na chaki tena kwenye mishono ya mabano ya strati na ya injini. Nyufa huanzia hapo.

Dereva mmoja tu siku ya kwanza, na mtu mwenye mtungi wa moto asimame asipige picha. Injini ikikaa kwenye joto lake kwa nusu saa, mistari ikiwa mizima na breki hazijalegea, piga simu FMU uombe ukaguzi. Kwenye sanduku la spea la siku ya mbio wekeni draivshafti nzima, tairodi mbili, kebo ya klachi, sponji mbili za filta zilizokwisha kupakwa mafuta, na kichupa cha rangi ya kucha.